Mlango wa Kushoto Uko kwa Kuku

Mwalimu alipostaafu, hesabu ya kiinua mgongo tuliipiga pamoja mezani. Mimi niliandika tangi la maji la lita 10,000, mashine ya kukatia ng'ombe majani, na mabati mapya ya jiko la mama mkwe. Yeye akayanakili hayo hayo kwa mwandiko wake wa ubaoni, akapiga mstari, kisha chini ya mstari akaacha nafasi. Mke aliyeishi na mwalimu wa fizikia anajua kwamba nafasi ya chini ya mstari ni ya jibu. Jibu lililetwa hapa Dundori jioni moja ya mvua, likikokotwa na trekta. Halikuwa na mlango wa kushoto, gurudumu moja la nyuma lilikuwa la kuazima, na kwenye kiti cha dereva kulikuwa na kuku wa watu anaatamia.

Lilikuwa Land Rover, Series IIA ya 1962, zile ndefu zinazoitwa 109 kwa kuwa kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni inchi 109. Taa zake za mbele zimebanana karibu na pua, maana mtindo wa kuzipeleka kwenye madigadi ulikuja mwishoni mwa miaka hiyo ya sitini. Ubavuni, chini ya rangi ya kijani aliyoipaka mkulima aliyelinunua baadaye, ukisimama pembeni jua likiwa limeinama uliona msalaba na herufi chache za jina la hospitali ya misheni iliyokuwa nalo kwanza. Ndani mlinuka mbuzi.

"Ndiyo yenyewe," Mwalimu alisema, kiganja juu ya boneti kama anayempima mtoto homa. "Ile ya usiku wa ambulensi."

Katika ukoo wa mume wangu, usiku wa ambulensi ni tarehe. Alizaliwa mvua za masika za 1964, baba yake akiwa kibarua wa msitu wa Dundori, enzi zile vibarua walipewa vipande vya kulima viazi na mahindi katikati ya miche ya miti ya serikali. Wazee wakihesabu rika husema, huyu ni wa kabla ya usiku wa ambulensi, yule ni wa baada. Yeye ni wa usiku wenyewe. Kwa hayo maneno machache alijijengea hadithi nzima, kwamba alizaliwa ndani ya lile gari, likishuka kwenda Nakuru, king'ora kikilia. Alinisimulia tulipokuwa wachumba. Aliwasimulia watoto. Nimesikia kwamba hata kidato cha pili walisimuliwa, siku ya somo la mwendo kasi.

Mama mkwe, ambaye nyumba nzima tunamwita Shosho, alitoka na mkongojo wake, akalizunguka gari pole pole, akasema, "Kumbe hii bado iko?" Akarudi jikoni kwake. Mwalimu alisema amelemewa na hisia.

Gari la umri huo kuwapo bado, sababu yake ni uhaba wa chuma. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, chuma Uingereza kilikuwa cha mgao, lakini alumini ilikuwa tele. Kampuni ya Rover ikaunda gari la shambani na kulivika alumini, ikalionyesha Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Alumini hailiwi na kutu. Chesisi lakini ni ya chuma, nayo huoza kwa ndani, mahali jicho halifiki, na huku kwetu ukungu wa msituni hushuka hadi mlangoni.

Kwa hiyo kabla ya kununua hata nati moja, aliitwa Afande. Ni mzee mstaafu wa jeshi anayeishi huko chini upande wa Lanet, na kambini kazi yake miaka mingi ilikuwa Land Rover. Hamwiti mtu kwa jina. Alishika nyundo ndogo, akalala chali juu ya gunia, akaanza kuigonga chesisi kutoka mbele kwenda nyuma, sikio limeinama. Ngo. Ngo. Ngo. Halafu, pu. Penye pu alichora duara kwa chaki. Alipotoka chini ya gari, kipande cha chaki kilikuwa kimeisha na Mwalimu alikuwa amekaa kwenye ndoo.

"Mgonjwa si wa kufa," Afande alisema. "Ila ni wa kulazwa."

Akalazwa kwenye banda la ng'ombe. Ng'ombe wakahamia chini ya turubai. Mchomeleaji alikuja na mashine yake, akawa anakata chuma kilichooza na kutia kipya, na umeme wa nyumba ukawa unafifia kila anapogusa. Niliandika mita ya stima kwenye ule ukurasa wa hesabu, chini ya mstari.

Halafu zikaja spana. Mwalimu alikuwa na sanduku zima, zawadi ya wanafunzi wake siku ya kumuaga, na zote ni za milimita, kwa kuwa Dundori nzima inaendesha Toyota. Nati za 1962 ni za inchi. Nati ya nusu inchi ni milimita 12.7, kwa hiyo spana 12 haiingii na 13 inacheza, na ukilazimisha inakula kona za nati mpaka ibaki mviringo, na nati mviringo haifunguki ila kwa patasi na matusi. Mwalimu alishakula kona za kutosha Afande alipomnyang'anya. Mzee alifungua mfuko wake wa turubai, akazipanga juu ya meza yangu ya kulia spana zilizoandikwa 7/16, 1/2 na 9/16, nyeusi, nzito, zote zimepigwa mhuri wa mshale wa jeshi la Mwingereza. Sikuuliza zilitokaje huko.

Afande ana bei ndogo na tumbo kubwa. Kazi haianzi kabla ya chai, na chai kwake ni pamoja na sufuria ya viazi vya Shangi vya kuchemsha. Wakati huo gunia la Shangi lilikuwa na bei nzuri Nakuru. Nilikuwa nikitazama viazi vinavyopita kooni mwake na kukokotoa.

Taratibu gari likaingia nyumbani. Sizungumzi kwa mafumbo. Karai langu la kufulia likawa la kuoshea giaboksi kwa mafuta ya taa. Difu ilikaa verandani juu ya gazeti, wageni wakidhani ni mashine ya maji. Siku moja nikafungua friji kutafuta siagi nikakuta, kati ya maziwa na kabichi, kopo la kahawa lililofungwa kwa nailoni. Ndani yake mlikuwa na bangili za chuma za beringi, Timken mpya, zimepakwa mafuta.

"Usiziguse," Mwalimu aliniambia. "Zinasinyaa."

Hapo ndipo fizikia ilipolipa, na nitampa haki yake. Ile bangili ya nje ya beringi hukaa ndani ya habu ya gurudumu ikiwa imebana sana, na mafundi wengi huipigilia kwa nyundo mpaka ikapinda au kupasuka. Yeye aliilaza kwenye barafu usiku kucha, na asubuhi akaiweka habu juu ya jiko langu la makaa hadi tone la maji likaruka juu yake. Kilichokuwa baridi kimesinyaa, kilichopata moto kimetanuka. Akaivaa glavu yangu ya kuokea, akaichukua bangili, akaiachia. Ikaingia yenyewe, tii, mpaka chini. Hakuna nyundo. Afande alivua kofia. Mimi mwenyewe nilipiga makofi, kisha nikaomba glavu yangu.

Spea kubwa ziliagizwa Nairobi. Kenya, ukisema gari la zamani, mtu anakuelekeza Kirinyaga Road, ambayo wazee bado wanaiita Grogan, na kifungua mimba wetu anafanya kazi si mbali na pale. Chakula chake cha mchana kikawa ni kusimama kaunta. Spea za Series III hazimsumbui mtu, kwa sababu Land Rover ziliunganishwa hapa nchini tangu miaka ya sabini, Thika, kwenye kiwanda cha Leyland Kenya, zikaenea wizara zote. Ya kwetu ni kaka yake mkubwa, aliyekuja kwa meli. Muuzaji kabla hajainuka kitini anauliza namba ya chesisi, na herufi ya mwisho, maana IIA zilibadilishwa badilishwa miaka yote zilipokuwa zikitengenezwa na kila badiliko likapewa herufi yake, kuanzia A. Kibati cha namba kilishang'olewa. Ikabidi Mwalimu alale matopeni na brashi ya waya kusugua pale mbele kulia, springi inaposhikiliwa, namba ilipopigwa mhuri kwenye chuma chenyewe, huku mimi nimemshikia simu sikioni na kijana anasubiri upande wa pili, na muuzaji anamsubiri kijana.

Pamoja na hayo yote tuliletewa brekishuu za inchi 10. Hizo ni za 88, Land Rover fupi. 109 inavaa 11. Mwalimu aliziweka ndani ya ngoma ya breki kwenye meza, zikaacha nafasi ya kupitisha kidole pande zote, akapiga simu mwenyewe.

"Bosi, hizo ni orijino," muuzaji alimjibu. "Labda gari ndilo si orijino."

Afande hakusema kitu. Alizichukua zile brekishuu kuukuu tulizozitupa kwenye ndoo, akapanda nazo matatu hadi Nakuru, kwa fundi anayezibandua laini iliyolika na kupigilia mpya kwa ribiti za shaba. Jioni zilirudi zikiwa mpya kwenye mifupa yao ya zamani. Za Nairobi ziko kwenye droo ya vijiko hadi leo, kwa kuwa muuzaji hupokea simu za namba asizozijua tu.

"Mwalimu," Afande alisema akimenya kiazi, "kwa nini unatafuta Nairobi kitu ambacho kiko Dundori?"

Ndipo tulipojua. Gari lilipokufa shambani kwa yule mkulima, miaka ya nyuma, lilikaa chini ya misaiprasi likigawanywa. Si wizi, maana mwenyewe alikuwa akiuza kipande kipande, na alichosahau kuuza kilitembea. Watu walikuwa wameshaona kwamba bati lile haliliwi na kutu. Sehemu nyingine zilishuka Nakuru kwa watu wa jua kali, ambao huyeyusha alumini na kusubu sufuria, na nina hakika kuna harusi ya huku iliyopikiwa pilau ndani ya ubavu wa ile ambulensi. Lakini nyingi zilibaki kijijini, kila kitu kimepata ajira.

Mlango wa kushoto ulikuwa kwa jirani yetu wa juu, kwenye banda la kuku. Tulienda kuuomba mimi na Mwalimu, kwa heshima zote, na kilo mbili za sukari.

"Mlango ni wenu," mama wa kuku alisema. "Lakini ingieni kwanza muuone."

Aliufungua kwa kitasa chake kilichotoka nao kiwandani Solihull, ukafunguka bila kelele. Akasukuma kioo, maana milango ya Land Rover hizo ina vioo vya kuteleza, havishuki. Nusu wazi mchana kuku wapate hewa, alituonyesha, usiku unafunga, na kicheche hana pa kupita. Tangu autundike hajapoteza hata kifaranga. "Sasa mkiutoa mtanipa nini chenye dirisha?"

Mwalimu alichora. Seremala alitengeneza mlango wa mbao wenye dirisha la kuteleza kwa vipimo vile vile, na ukagharimu zaidi ya mlango wa gari ambao ungenunuliwa. Mama wa kuku aliukagua, akatikisa komeo, akasema huu ni mzito kidogo.

Ringi ya gurudumu ilikuwa shule ya msingi, imening'inia kwenye mti, ndiyo kengele. Mwalimu mkuu alikuwa mwanafunzi wa mume wangu zamani, akamheshimu sana, akakataa. Sauti ya ringi ile inasikika hadi ng'ambo ya bonde, na watoto wamezoea. Ilibidi itafutwe ringi ya lori, ipelekwe, igongwe mbele ya walimu wote wakiwa wamesimama uwanjani wanasikiliza. Wa hisabati alisema iko chini kidogo. Wa Kiswahili akasema itafaa. Kiti cha mbele kilikuwa kwa kinyozi pale senta, wateja wanakisubiria zamu, na hicho kilitoka kwa urahisi kwa sababu springi zilikuwa zimeanza kuwadunga. Kila nyumba ilikuwa na chai na kisa. Huyu alibebwa amevunjika mguu, yule alimsindikiza baba yake na hakurudi naye. Niliona pia kwamba vile vipande vya majirani vilikuwa vimetunzwa kuliko chochote tulichotumiwa kwa parseli.

Kabureta nitaisema upesi kwa kuwa bado inaniuma. Ile ya kwanza ya 1962 ilishapotea, na iliyokuwapo ni Zenith, iliyowekwa baadaye. Zenith hizo zina tabia ya kupinda usoni, pale kifuniko kinapokutana na kiwiliwili, hewa ikapita pasipostahili na petroli ikamiminwa ovyo. Huku juu hewa yenyewe ni nyembamba, kwa hiyo injini ilikuwa ikikohoa moshi mweusi hadi kwenye nguo nilizoanika. Dawa yake ni kuusugua uso wa kabureta juu ya msasa uliotandikwa kwenye kitu kilichonyooka kabisa. Katika nyumba yetu kitu kilichonyooka kabisa ni kioo cha meza ya sebuleni. Mwalimu alikipima kwa rula kabla ya kukichagua. Kabureta ilipona. Wageni sasa tunawatandikia kitambaa.

Kuhusu king'ora, ambacho Mwalimu hakukubali ambulensi yake ikikose, lawama ni ya betri. Land Rover za kabla ya 1967 au hapo karibu zimeungwa kinyume na magari ya leo, chanya ya betri ndiyo inayofungwa kwenye bodi. Afande alilijua hilo, Mwalimu alilijua na hata kulichora ukutani kwa chaki, lakini kijana wa waya aliyeitwa kutoka senta, bingwa wa kutia muziki kwenye matatu, hakulijua na hakusoma ukuta. Alileta king'ora cha Kichina cha kielektroniki, kasha lake la chuma limeungwa na hasi. Alipolifunga kwa bolti kwenye bodi, chanya na hasi zikakutana ana kwa ana. King'ora kililia nusu ya mlio, sauti ikakatika, moshi wa buluu ukatoka, na ng'ombe niliyekuwa namkamua upande wa pili wa ukuta akapiga ndoo teke. Maziwa ya jioni yote yalikwenda. Kijana alikuwa ameshika spana, anaipepea. Mwalimu akaja mbio, na kabla ya kuuliza kama kuna aliyeumia akaanza kueleza mkondo ulivyopita.

Chifu alisikia ile nusu ya mlio. Alikuja kesho yake, akanywa chai, akatukumbusha kwa upole kwamba king'ora barabarani ni cha polisi, zimamoto na ambulensi zinazofanya kazi, si cha mwalimu mstaafu. Ikawa afadhali.

Ikabaki breki. Yeyote anayetaka kujua ndoa yake ina nguvu kiasi gani asiende kwa mshauri, akatoe hewa kwenye breki za 109. Kila gurudumu la mbele lina silinda mbili badala ya moja, na hewa hujificha kwenye ile ya juu. Mmoja anakaa kwenye usukani anakanyaga, mwingine yuko chini na spana, mpira mwembamba na chupa ya jemu yenye mafuta ya breki. Nilitoka kanisani, nikavaa gambuti juu ya soksi za Jumapili, nikapanda.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga."

"Shikilia!"

"Nimeshikilia."

Anafungua nati, mapovu yanatoka kwenye chupa, anafunga, ndipo anasema achia. Ukiachia kabla hajafunga, hewa yote inarudi na mnaanza upya. Sasa, mafuta ya breki yakimteremkia mtu kwenye mkono wa shati hadi kwapani, mtu huyo husema "Aah!" Na kutoka kule juu, kupitia sakafu ya bati, "Aah" na "Achia" ni neno moja.

"Nani amekuambia uachie?"

"Wewe."

"Mimi nimesema aah!"

"Mwalimu, kwani hukuwa ukifundisha watoto watamke vizuri?"

Mafuta yaliyomwagika yakaanza kubambua rangi mpya ya digadi, jambo ambalo mafuta ya breki hulifanya bila kuombwa. Kitinda mimba wetu, ambaye alikuwa likizo ya chuo, alikuwa ameketi kwenye uzio anarekodi kwa simu. Afande alituacha tugombane mpaka chai ikaiva, kisha akaja akazungusha vile virekebishi vya nyuma ya ngoma mpaka mwisho, brekishuu zikabana ngoma zisiweze kusogea. "Pistoni zikikosa pa kwenda, hewa ndiyo itakayokwenda," alisema. Akalegeza baada ya kumaliza. Mguu wangu ulioshuka hadi sakafuni asubuhi yote sasa uligota juu, pagumu. Ninakiri nilifurahi kuliko nilivyoonyesha.

Kilichokuwa kimebaki ni machela, na tuliijua iliko miaka yote bila kujua. Ilikuwa jikoni kwa Shosho. Ndiyo uchaga wake, imening'inizwa juu ya mafiga kwa waya nne, kuni mbichi zinakaukia hapo, na mahindi ya mbegu. Masizi yalikuwa yameipaka hadi hakuna aliyewahi kuuliza ni ya nini. Mwalimu aliona gurudumu dogo la mpira kwenye mguu mmoja alipokuwa anafunga mabati mapya, ambayo, mjue, nilikuwa nimeyadai kwanza kabla ya taa za nyuma.

"Nililipa jogoo," Shosho alisema. "Jogoo mzima, si wa mayai ya kienyeji ya siku hizi."

Mwalimu alimkumbusha kwamba machela ile ndiyo iliyombeba mama akiwa na uchungu wa mtoto. Shosho akamwangalia kwa muda, akatia kuni motoni. Akasema atatoa, lakini atakuwa abiria wa kwanza, na atakaa mbele.

"Nyuma kuna nafasi ya kulala vizuri, Mama."

"Sitalala. Siku yangu ya kulala ikifika nitalala."

Basi tukashuka hadi Lanet, Shosho katikati, mimi kwenye mlango wa kuku, Afande nyuma akiwa ameketi juu ya machela iliyooshwa masizi. Gari lilinguruma vizuri. Watu wa bodaboda walitupungia. Tuliporudi, mlima ulipoanza kusimama, Mwalimu alitaka kuingiza namba mbili. Giaboksi hizo hazisaidii dereva kwenye namba moja na mbili, lazima ukanyage klachi mara mbili na uhesabu, naye alihesabu kwa nadharia. Ilikwaruza, ikaingia, akaachia klachi kwa hasira, na huko nyuma kukasikika tak!

Injini ilikuwa inaunguruma na sisi tunarudi kinyumenyume. Mwalimu akakanyaga breki. Zikashika.

"Hafushafti," Afande alisema bila kuinuka. IIA inajulikana kwa hilo, shafti zake za nyuma ni nyembamba na zina meno 10 tu. Jeshini walikuwa wakibeba ya akiba, kwa sababu kuitoa ni bolti sita za kwenye habu, hata gurudumu halivuliwi. Sisi hatukuwa nayo. "Bonyeza kitufe cha manjano. Itavutwa na mbele."

Mwalimu alikuwa bado anakitafuta kitufe Shosho alipoinua mkongojo, akauelekeza dirishani, pale kijito kinapopita chini ya barabara.

"Ni hapa," alisema.

Mwalimu aliacha usukani. "Hapa ndipo nilipozaliwa?"

"Hapa ndipo hii gari ilikwama. Ilikuwa inakuja kunichukua. Matope yalifika kwa mlango. Wanaume wote wa kambi ya msitu walikuja na ng'ombe wa kuvuta, mpaka asubuhi. Ndiyo watu wanasema usiku wa ambulensi."

"Na wewe?"

"Mimi nilipita na lori la kabichi. Likazunguka kwa majani, dereva akanipandisha juu, tukafunikwa turubai. Kabla ya Lanet ulikuwa umetoka. Hii gari hujawahi kuipanda mpaka uinunue."

Hakuna aliyesema neno. Mimi nilitazama mbele kwa nguvu zote, kwa kuwa nikimtazama Afande ningecheka, na Afande alishaanza kukohoa. Mwalimu alibonyeza kitufe cha manjano. Gari likasogea, likivutwa na magurudumu ya mbele, likafika kwenye tambarare.

"Mama," alisema, "hilo lori lilikuwa la aina gani?"

"Nilikuwa nazaa. Sikusoma."

"Lilikuwa na pua mbele, ama uso bapa?"

Shosho alifikiri. "Lilikuwa na pua."

Mwalimu akageuza kichwa nyuma. "Afande. Lori lenye pua, 1964. Hiyo si Bedford?"

"Ni Bedford," Afande alisema. "Na najua moja iko Subukia. Wanafugia nguruwe."

Nikamwambia Mwalimu aangalie barabara.